Malipo ya madalali wa majengo ya biashara Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye fremu, ofisi, godauni au kiwanja cha biashara, wa anayetafuta kupanga au kununua, na wa dalali anayetaka kulipwa bila ugomvi. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, majengo ya biashara yameongezeka na madalali wameongezeka pamoja nayo. Makubaliano ya malipo, hata hivyo, bado mengi hufanyika kwa mdomo, tena jengo likiwa limeshaonyeshwa. Kiasi cha fedha kinachotajwa kwenye mifano ni cha kuonyesha hesabu tu, msikichukue kama bei ya soko.

Dalali analipwa na nani, mpangaji au mwenye jengo?

Inategemea aina ya mali na aliyemtuma. Kwa fremu za maduka, kuanzia Majengo na Sabasaba hadi Nkuhungu na Ilazo, mpangaji ndiye hulipa, kama ilivyozoeleka kwenye vyumba vya kuishi. Kwa ofisi kubwa na magodauni mara nyingi hulipa mwenye jengo, maana kila mwezi jengo likiwa tupu hasara ni yake. Kwenye mauzo hulipa muuzaji, na bei anayoitaja huwa imeshabeba kamisheni ndani yake.

Hakuna sheria inayomlazimisha mpangaji kumlipa dalali ambaye hakumtuma. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inamtambua wakala kama mtu anayefanya kazi kwa niaba ya aliyemtuma, na huyo aliyemtuma ndiye anayemdai utii na ndiye anayedaiwa ujira. Kwa hiyo siku ya kwanza muulize dalali maswali mawili kwa pamoja: kamisheni yako analipa nani, na je, upande wa pili unakupa chochote? Akijibu la kwanza akanyamaza kwenye la pili, usiondoke hapo mpaka ajibu.

Kiwango cha kawaida ni kipi?

Kwa kupangisha, kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Kwa mauzo utasikia asilimia 5 na asilimia 10. Asilimia 10 husemwa zaidi kwenye viwanja vya bei ndogo, na kadiri bei inavyopanda ndivyo asilimia inavyoshuka. Viwango hivi ni mazoea tu. Vyote vinajadilika, na wakati mzuri wa kuvijadili ni kabla hujaonyeshwa mali.

Kodi ya mwezi mmoja inaonekana ndogo mpaka uipime kwa muda wa mkataba. Kwenye mkataba wa mwaka mmoja ni asilimia 8.3 ya kodi yote. Kwenye mkataba wa miaka mitatu inashuka hadi chini ya asilimia 3. Lakini mfanyabiashara wa mazao anayetaka godauni Kizota kwa miezi minne tu, aingize alizeti au mtama baada ya mavuno na autoe bei ikipanda, akilipa mwezi mmoja kwa dalali amelipa robo nzima ya kodi yake. Kwa mikataba ya chini ya miezi sita, nusu mwezi ndiyo hesabu yenye haki. Dalali mzoefu wa magodauni huikubali, kwa kuwa anajua mteja huyo atarudi msimu ujao.

Kamisheni inahesabiwa juu ya kiasi gani hasa?

Hapa ndipo hela nyingi hupotea bila mtu kuiba. Chukua ofisi ya mita za mraba 200 kwa Sh 15,000 kwa mita. Kodi ni Sh 3,000,000 kwa mwezi. Jengo linatoza pia Sh 2,000 kwa mita kwa ajili ya ulinzi, usafi, lifti na jenereta, yaani Sh 400,000. Kama mwenye jengo amesajiliwa VAT, anaongeza asilimia 18 juu ya vyote, kwa sababu pango la biashara linatozwa VAT ingawa pango la makazi limesamehewa. Ankara inasoma Sh 4,012,000. Dalali anayedai "mwezi mmoja" kwa kuangalia ankara hiyo anadai zaidi ya milioni moja juu ya kodi halisi. Andikeni hivi: kamisheni ni sawa na pango tupu la mwezi mmoja, bila VAT na bila gharama za uendeshaji.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Mpangaji mwenye biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA, hivyo mwenye jengo anapokea Sh 2,700,000 mkononi. Baadhi ya wenye majengo humwambia dalali, "mimi napokea mbili na laki saba, hiyo ndiyo kamisheni yako." Si sawa. Ile laki tatu ni kodi ya mapato ya mwenye jengo iliyolipwa mapema, na atapewa cheti cha zuio aitumie kwenye hesabu zake za mwaka. Kamisheni inabaki kwenye milioni tatu.

Miezi ya matengenezo isiyolipiwa kodi iandikwe pia kama inaathiri kamisheni au haiathiri. Na kama kuna mtu bado anataka kulipwa kwa dola, kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Kodi na kamisheni ni kwa shilingi.

"Cha juu" ni nini, na kwa nini watu wanagombana nacho?

Mwenye mali anasema, "Mimi nataka milioni 80 mkononi, utakachopata juu ni chako." Dalali anakwenda kukitangaza kiwanja kwa milioni 95. Akipata mnunuzi wa 92, amepata milioni 12, yaani asilimia 15 ya fedha ya muuzaji.

Mwenye mali hupenda mpango huu kwa sababu haumgharimu kutoa kamisheni mfukoni. Matatizo huja baadaye. Kwanza, mali yako inakwama: wanunuzi wa 82 au 84, ambao wewe ungewapokea kwa mikono miwili, wanakataliwa barabarani bila wewe kujua, kwa kuwa dalali anasubiri cha juu kinono. Pili, dalali anahakikisha wewe na mnunuzi hamkutani mpaka dakika ya mwisho, na mkikutana bila yeye kuwapo bei mbili zinagongana. Tatu, mkataba wa mauzo unaandikwa kwa bei ya chini huku mnunuzi akiwa amelipa ya juu. Mnunuzi huyo atakapokuja kuuza, karatasi yake itaonyesha gharama ndogo kuliko aliyolipa, na faida inayokatwa kodi itaonekana kubwa.

Kisheria, cha juu kilichofahamika na kukubaliwa na mwenye mali ni makubaliano kama mengine. Kilichofichwa ni jambo tofauti kabisa. Wakala anayejipatia faida ya siri kwenye shughuli ya aliyemtuma anaweza kudaiwa faida hiyo airudishe, na wakala aliyefanya udanganyifu kwenye kazi yake anapoteza haki ya kulipwa kwa kazi hiyo. Sisi tunashauri kuachana nacho. Toa asilimia iliyo wazi, na umpe dalali sababu nyingine ya kupandisha bei, kama tunavyoeleza kwenye jibu linalofuata.

Kwa nini dalali ananiharakisha nikubali bei ya kwanza, wakati bei ikipanda naye anapata zaidi?

Kwa sababu anachoongeza ni kidogo mno. Kiwanja chako kando ya barabara ya mzunguko upande wa Nala unakiuza milioni 300 kwa kamisheni ya asilimia 5. Anatokea mnunuzi wa milioni 280, fedha iko benki. Kwako tofauti ni milioni 20, ukitoa kamisheni inabaki 19. Kwa dalali tofauti ni milioni moja, na kama wapo wanne wanaogawana, ni laki mbili na nusu kwa kila mmoja. Kwa laki mbili na nusu hakuna anayekubali kusubiri miezi mitatu, kulipa mafuta ya bodaboda kila wiki na kubeba hatari ya mteja kukimbilia kiwanja cha jirani. Milioni 14 za leo ni bora kwake kuliko 15 za labda. Dalali huyo si mtu mbaya. Malipo uliyompangia ndiyo yanayomwongoza hivyo.

Ukitaka avute bei, badilisha hesabu. Mpe asilimia 5 mpaka milioni 280, na asilimia 15 ya kila kinachozidi hapo. Akifikisha 300 anapata milioni 14 na milioni 3 za nyongeza, jumla 17. Wewe unabaki na 283. Ungekubali ile ya 280 ungebaki na 266. Umemlipa milioni mbili zaidi ya kamisheni ya kawaida, lakini sasa ile milioni 20 ya juu ina thamani kwake mara tatu ya ilivyokuwa.

Mpango huu huharibika mahali pamoja: pale dalali mwenyewe anapokutajia bei ya kuanzia. Atakutajia ya chini ili nyongeza ianze mapema. Mstari huo uuweke kwa kutumia mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Mthamini analipwa ada yake kiwanja kiuzwe kisiuzwe, kwa hiyo hana haraka na wewe.

Mimi ni mpangaji. Nikimlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, si anafaidika kodi ikiwa kubwa?

Ndiyo, na hilo ni kosa la mfumo wenyewe. Akikupunguzia kodi kutoka milioni 3 hadi 2,700,000, wewe unaokoa Sh 3,600,000 kwa mwaka, yeye anapoteza 300,000. Umemkata kwa kufanya kazi vizuri.

Dawa ni rahisi na haihitaji mwanasheria. Kubalianeni kwamba kamisheni yake ni ile bei iliyotangazwa mwanzoni, milioni 3, hata kodi ikishuka kiasi gani. Akishusha, hapotezi. Akitaka umwongezee hamasa, mpe sehemu ya kodi aliyokuokolea mwaka wa kwanza. Kabla ya kukubali "bei iliyotangazwa," ulizia ofisi nyingine mbili au tatu za eneo hilohilo, maana bei ya kutangazwa inaweza kupambwa.

Dalali mmoja anaweza kulipwa na pande zote mbili?

Inatokea kila siku. Linalokubalika ni pale wote wawili wanajua na wamekubali. Lakini ukweli ni kwamba dalali wa namna hiyo hawezi kumvutia mwenye jengo kodi ipande na kumvutia mpangaji ishuke kwa wakati mmoja. Anakuwa mtu wa kupeleka ujumbe, na alipwe kama mtu wa kupeleka ujumbe. Nusu mwezi kila upande inatosha.

Kamisheni ilipwe lini?

Dalali anataka ilipwe mkataba ukisainiwa. Mwenye jengo angependa ilipwe mpangaji akishaingia. Kwa pango la biashara, kugawa ndiyo njia inayozuia ugomvi: nusu mkataba ukisainiwa na kodi ya kwanza ikiingia benki, nusu siku ya kukabidhi funguo. Kusaini peke yake hakutoshi. Wapo wanaosaini, wakaahidi kodi Ijumaa, na Ijumaa haifiki.

Kwenye kiwanja au jengo linalouzwa hatua ni nyingi zaidi: mkataba wa maandishi, ambao Sheria ya Ardhi inautaka kwa mauzo ya haki ya ardhi, malipo ya awali, kodi ya ongezeko la mtaji TRA, ushuru wa stempu, kisha uhamisho kwa Msajili wa Hati. Hii inaweza kuchukua wiki nyingi. Dalali asisubiri mpaka hati itoke, maana ucheleweshaji wa ofisini hana uwezo nao. Alipwe kwa uwiano wa fedha inayoingia kwa muuzaji: muuzaji akipokea asilimia 40, dalali apokee asilimia 40 ya kamisheni yake. Namna hii dalali ana sababu ya kufuatilia malipo yaliyobaki, na muuzaji halipi kamisheni ya fedha ambayo hajaiona.

Hela ya kuzungushwa ni halali?

Madalali wengi hutoza kati ya elfu kumi na elfu ishirini kabla ya kuonyesha. Si wizi kwa yenyewe. Kutoka Area C hadi Ihumwa na kurudi kunagharimu. Lakini ni malipo yanayomlipa mtu kwa kuonyesha, na anayelipwa kwa kuonyesha ataonyesha hata fremu iliyokwisha kupangishwa. Lipa mara moja, kwa idadi ya mali mliyokubaliana, na iandikwe kwamba itakatwa kwenye kamisheni biashara ikifungwa. Piga simu kwa mwenye mali, au mwambie dalali apige mbele yako, kuhakikisha mali bado ipo. Kwa ofisi na magodauni usilipe kabisa. Kamisheni ya huko ni kubwa kiasi cha kubeba nauli.

Tulianza na dalali mmoja. Siku ya kulipa wamefika wanne. Niwalipe wote?

Umlipe mmoja, uliyekubaliana naye. Mnyororo huwa hivi: mmoja anajua mali, mwingine ana mteja, na katikati wapo waliopeana namba za simu. Desturi yao ni kugawana nusu kwa nusu kati ya upande wa mali na upande wa mteja, kisha kila upande unajigawia wenyewe. Hayo ni yao. Hatari kwako ni pale mmoja aliyepunjwa anapomshawishi mpangaji aahirishe, au anapoleta maneno kwa mwenye jengo ili biashara ivunjike. Kila mkono unaoongezeka unapunguza fungu la kila mmoja, na fungu likiwa dogo hakuna anayejali jinsi mkataba wako ulivyoandikwa.

Kwenye mauzo ya kiwanja wakati mwingine hujitokeza na kiongozi wa serikali ya mtaa akidai asilimia 10. Hakuna kifungu cha Sheria ya Ardhi kinachompa mwenyekiti wa mtaa asilimia ya mauzo yako.

Nimpe kazi dalali mmoja peke yake au niwape wote?

Kwa fremu moja ya Chang'ombe, wape wote. Atakayewahi alete mteja. Kwa jengo la ghorofa, godauni kubwa au kiwanja cha viwanda, mpe mmoja. Dalali aliyeshika kazi pamoja na wenzake kumi anajua uwezekano wake wa kulipwa ni mdogo, kwa hiyo hawezi kutoa fedha yake kutengeneza picha nzuri, kupima vyumba, kutafuta nakala ya ramani wala kumtembelea mfanyabiashara wa Kibaigwa anayehitaji ghala mjini. Atakachofanya ni kurusha tangazo kwenye makundi ya simu na kusubiri. Mali ikionekana kwenye makundi kumi kwa bei tano tofauti, wateja wanahisi ina kasoro.

Mkataba wa dalali mmoja uwe na mwisho. Siku 90 zinatosha kwa jengo lenye bei ya kawaida. Uwe na kazi anazotakiwa kuzifanya kila mwezi na taarifa ya maandishi: nani ameoneshwa, lini, alisema nini. Asipotoa taarifa mwezi wa kwanza, uwe na haki ya kusitisha. Bila masharti hayo unakuwa umemfungia mali yako kabatini.

Madalali wa makampuni wanalipwa mshahara?

Wengine ndiyo, mshahara mdogo pamoja na sehemu ya kamisheni. Wengine hawana mshahara kabisa na wanagawana kamisheni na kampuni. Ni vema kumuuliza. Asiye na mshahara na hajafunga biashara kwa miezi miwili atakusukuma zaidi. Mwenye mshahara anaweza kukupa ushauri wa "subiri," ila naye anaweza kulala usingizi. Mtaani karibu wote wanaishi kwa kamisheni tupu.

Kampuni au mtu binafsi, anatakiwa awe na namba ya mlipakodi na leseni ya biashara. Wasio nayo ndio wanaoitwa vishoka, na ukiibiwa hakuna pa kuwafuata.

Kama dalali, nitajilindaje nisizungukwe?

Kuzungukwa ni kumwonyesha mteja mali, kisha mteja na mwenye mali wakamalizana usiku. Makubaliano ya mdomo yanatambulika kisheria, lakini utayathibitishaje? Kabla ya kuonyesha, tuma ujumbe wa simu kwa mwenye mali: jina la mteja, mali, tarehe, kiwango cha kamisheni, na umwombe ajibu "nimekubali." Ujumbe uliojibiwa ni ushahidi bora kuliko mashahidi watatu. Kwenye mkataba weka kipindi cha ulinzi, kwa kawaida miezi mitatu hadi sita: mteja uliyemleta akipanga au kununua ndani ya muda huo, unalipwa hata kama mkataba wako umeisha.

Wenye majengo nao waelewe faida ya hili. Dalali mwenye uhakika wa kulipwa anakupa jina kamili la mteja mapema, na wewe unapata muda wa kumchunguza.

Kilemba ni kamisheni?

Hapana. Kilemba ni fedha anayotoa mpangaji mpya ili apewe fremu yenye wateja, na hulipwa kwa mpangaji anayeondoka au kwa mwenye fremu. Dalali mara nyingi anapata fungu humo, na kwa sababu kilemba kinaweza kuzidi kodi ya miezi mingi, fungu hilo ndilo linalomvutia kuliko kodi. Angalia jambo moja: mpangaji anayeondoka hana uwezo wa kukupa pango. Usitoe kilemba kabla mwenye fremu hajasaini mkataba mpya kwa jina lako. Wapo waliolipa kilemba kwa mpangaji, na mwezi uliofuata wakapewa notisi na mwenye fremu.

Mpangaji wangu ni taasisi ya umma. Nani anamlipa dalali?

Wewe mwenye jengo. Taasisi ya umma inapanga kwa taratibu za ununuzi na bajeti, na kamisheni ya dalali wa mtaani haina kifungu humo. Zingatia pia kalenda: mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na malipo yanaweza kuchelewa mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai. Kamisheni iandikwe kwamba inalipwa kodi ya kwanza ikiingia, sio kabla.

Dalali akikwambia sehemu ya kamisheni "inarudi" kwa afisa wa ofisi inayopanga, simama hapo hapo. Hiyo ni rushwa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, kwa anayetoa, anayepokea na anayepeleka. Kwenye kampuni binafsi mambo ni yaleyale: sheria hiyo inamgusa pia mwajiriwa anayepokea chochote kwa siri kwenye shughuli za mwajiri wake.

Dalali anawajibika kukagua hati na matumizi ya kiwanja?

Usimtegemee kwa hilo. Akigundua hati ina rehani, biashara inavunjika na yeye halipwi. Malipo yake hayamsukumi kutafuta kasoro. Omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ulipe kwa namba ya malipo ya Serikali. Dodoma angalia mambo mawili ya ziada. La kwanza ni nyaraka za iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyovunjwa mwaka 2017 na majukumu yake kuhamishiwa kwenye halmashauri: muuzaji anayeonyesha karatasi za CDA pekee akupe hati ya sasa. La pili ni matumizi. Kiwanja cha makazi pale Kisasa hakigeuki cha biashara kwa sababu jirani amefungua duka. Kubadili matumizi kunaombwa Jiji, na benki au mpangaji mkubwa atauliza. Kwenye mkataba wa udalali andika kwamba kamisheni inarudishwa iwapo mauzo yatavunjika kwa kasoro ya hati au ya matumizi ambayo dalali aliijua.

Mkataba wa pango ukiongezwa mwaka wa pili, dalali alipwe tena?

Kama haikuandikwa, halipwi. Kama alikuja kujadili upya na akafanya kazi, robo hadi nusu mwezi ni ya haki. Kumlipa mwezi mzima kila mwaka kunaleta tabu nyingine: dalali anapendelea mikataba mifupi mifupi, na mpangaji wa biashara aliyetia fedha kwenye rafu, feni na mabango anahitaji muda mrefu.

Nchi nyingine wanafanyaje?

Marekani, kwenye ofisi na maghala, mwenye jengo ndiye kwa kawaida hulipa, na kamisheni ni asilimia ya kodi ya muda wote wa mkataba. Inagawanywa kati ya dalali wa mwenye jengo na dalali wa mpangaji, mara nyingi nusu siku ya kusaini na nusu mpangaji akiingia. Kwa hiyo dalali wa kule ana hamasa ya kuvuta mkataba wa miaka 5 au 10. Mfumo wetu wa mwezi mmoja hauna hamasa hiyo, kwa kuwa mwaka mmoja na miaka mitano humlipa sawa. Mwenye jengo wa Dodoma anayetaka wapangaji wa muda mrefu anaweza kuiga kidogo: mwezi mmoja kwa mkataba wa mwaka, mwezi mmoja na nusu kwa miaka mitatu, miezi miwili kwa mitano.

Jengo langu limekaa miezi sita bila mpangaji. Niongeze kamisheni au nipunguze kodi?

Uliza kwanza wangapi wamekuja kuliona. Kama hakuna anayekuja, madalali hawalipeleki kwa wateja, na kuongeza kamisheni kutoka mwezi mmoja hadi mmoja na nusu kunaweza kuwaamsha. Weka mwisho wa wiki sita ili wasichelewe. Kama watu kumi wamekuja na wote wameondoka, kamisheni haitasaidia. Wameona kodi, maegesho, maji au umeme wa njia tatu ambao haupo. Kwa ofisi ya milioni 3, nyongeza ya nusu mwezi ni Sh 1,500,000, inayolipwa mara moja tu na kwa sharti la mpangaji kupatikana. Kupunguza kodi kwa asilimia 10 ni Sh 3,600,000 kila mwaka, na mpangaji hatakubali uirudishe juu kirahisi. Kwa godauni la mazao, zingatia majira: anayetafuta ghala la mavuno huanza kuuliza Aprili na Mei, na nyongeza ya kamisheni ya Septemba haileti mzigo ambao umeshapata pa kulala.